Wimbo Nao Waweza Kuwa Utafiti



Mwaka jana sisi wanne tuliomba kazi yetu ya mwisho wa muhula iwe wimbo wa katikati tuliotunga wenyewe, kwa mahadhi ya huku mlimani. Mwalimu akajibu: “Huo ni utunzi, si utafiti. Mmejuaje kwamba mmefaulu?” Tukasema unasikika vizuri. Akaturudishia karatasi.

Tulinuna. Leo tunakiri kwamba swali lake lilikuwa la haki, ila jibu lipo.

Tulilipata katika jumuiya ndogondogo hapa Shirimatunda. Tuliimba shairi moja kwa Kichaga, na bibi mmoja akatuambia: “Wanangu, sauti ni nzuri, ila neno hilo mmelipandisha mahali pa kulishusha.” Kichaga ni lugha ya toni, sauti ikipanda au kushuka, maana yaweza kubadilika. Kiswahili hakina toni, lakini hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi akiweka noti nzito penginepo, neno huchechemea, na waamini huimba bila kushika ujumbe.

Hapo ndipo tulipoelewa maana ya njia. Tulianza na swali: je, wimbo unaweza kufuata toni ya neno bila kupoteza utamu? Tukatunga, tukawaimbia watu wasioona maandishi, tukaandika walichosikia, tukasahihisha, tukaimba tena. Matoleo yaliyoshindwa hatukuyatupa. Yamo daftarini pamoja na sababu za kushindwa. Mwingine akitaka, anaweza kupita njia hiyohiyo na kutupinga.

Wapo wanaosema njia huua kipaji. Sisi tunamkumbuka Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefundisha kwamba sanaa ni akili sahihi katika mambo ya kutengenezwa. Kama ni akili, basi inaweza kujieleza. Njia haitungi wimbo, wala haichukui nafasi ya sala; inamsaidia mtunzi aonyeshe alikopita.

Na jambo hili si geni kwetu. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania aliyetunga Misa Baba Yetu, mwaka 1963 alichapisha pia kitabu cha kitaalamu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu, ambayo katika namba 119 inataka muziki wa asili wa watu katika nchi za misioni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Padre Mbunga alishika kalamu ya noti na kalamu ya hoja pia.

Hatusemi kila wimbo ni utafiti. Kwaya inayojiandaa kwa Pasaka haihitaji tasnifu. Wala daftari peke yake haligeuzi utunzi kuwa elimu, kama mtunzi alikuwa na jibu lake tangu mwanzo na hakuwa tayari kusahihishwa.

Ombi letu kwa walimu ni hili: msikatae wimbo kwa kuwa ni wimbo, dai daftari lake. Na kwenu watunzi wa parokiani: kabla ya kuwagawia wanakwaya nakala, waimbieni kwanza mabibi na mababu wa jumuiya. Wakisema mmekosea, andikeni.