Rangi ukutani, hatari darini

Fyuzi ikikatika katika nyumba kuukuu ya watumishi mjini Mpanda, lawama hutupiwa TANESCO. Ni lawama rahisi, na mara nyingi si ya haki. Kazi ya Shirika huishia kwenye mita. Nyaya zilizo ng'ambo ya mita, zinazopanda darini na kuteremka ukutani hadi kwenye soketi, ni dhamana ya mwenye nyumba. Na kwa nyumba za umma, mwenye nyumba ni ofisi iliyokabidhiwa kuzitunza.

Nyumba hizo zilitandazwa nyaya wakati Mpanda ingali wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na mji ukitegemea mitambo ya dizeli. Mahitaji yalikuwa taa chache, redio na pasi. Mwaka 2012 Mpanda ikawa makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Friji na televisheni zimeingia, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Jambo jema kabisa. Lakini jiko la umeme la wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 4 kwenye umeme wa volti 230, na birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Vyote viwili vikichomekwa kwenye soketi iliyodokolewa kutoka waya wa taa, wenye fyuzi ya ampea 5, fyuzi haina budi kukatika. Imetimiza wajibu wake.

Hapo ndipo uzembe unapovaa joho la ufundi. Badala ya kuuliza sababu, mtu aitwaye fundi hufunga kipande kinene cha waya wa shaba mahali pa fyuzi. Taa zinawaka, mwenyeji anashukuru, malipo yanatolewa. Mlinzi amefukuzwa kwa kosa la kupiga kelele! Tangu hapo kinachopata moto ni waya wenyewe, juu ya dari, penye vumbi, panya na mbao kavu.

Fundi wa kweli, mwenye leseni ya EWURA, huzima swichi kuu, hutenganisha njia za umeme moja moja, na kuzipima kwa mega ya volti 500. Njia isiyofikia omu milioni 1 ni mbovu, naye huifuata hatua kwa hatua hadi apaone mahali ngozi ya waya ilipopasuka. Kisha hupima waya wa ardhi. Mpanda, jambo hili lina uzito wake: kuanzia Mei hadi Oktoba udongo hukauka, na fimbo iliyofaa wakati wa mvua huweza kushindwa kiangazi. Apimaye Machi peke yake amepima nusu. Soketi za jikoni nazo hustahili njia yao, waya wa milimita za mraba 2.5, na swichi inayokata umeme unapovuja.

Wapo watendaji watakaosema hakuna fungu. Ajabu ni kwamba fungu la rangi hupatikana kila isikikapo kuwa mgeni mkubwa anakuja. Kuta hung'aa, na mwalimu huendelea kusahihisha madaftari karibu na swichi yenye joto na harufu ya mpira.

Kabla ya ndoo nyingine ya rangi kununuliwa, kila ofisi yenye nyumba iite fundi mwenye leseni, na matokeo ya vipimo yabandikwe kando ya bodi ya fyuzi, yenye tarehe, jina la aliyepima, na jina la mkuu aliyepokea.