Mlinda lango aliyetoka kifungoni

Juzi mwanafunzi mmoja wa darasa la juu alitujia baada ya masomo, mpira kwapani, akatuuliza neno ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema: «Mwalimu, kila siku mwatufundisha kwamba yatupasa kusamehe. Basi, mbona wapenzi wa mpira, wakisikia kwamba mtu aliyefungwa gerezani ameandikwa katika chama chao, wanapiga makelele na kumkataa? Je, si wao walio wabaya kuliko yeye?» Wenzake waliosimama mlangoni wakagawanyika mara moja, hawa wakimwunga mkono, hawa wakimpinga, hata kengele ikalia nao hawajapatana. Tuliwaahidi jibu, nalo ndilo hili. Na kwa kuwa jambo kama hili halizungumzwi hewani, tutalieleza kwa kisa kimoja cha kweli.

Katika nchi ya Brazili alikuwako mlinda lango hodari, jina lake Bruno Fernandes. Mwaka 2009 alikuwa nahodha wa Flamengo, chama kikubwa cha mji wa Rio de Janeiro, nacho mwaka ule kilitwaa ubingwa wa nchi nzima. Mwaka 2010 mwanamke kijana, Eliza Samudio, alizaa mtoto wa kiume, akamtaka Bruno akiri kwamba ndiye baba na atoe matunzo. Mwezi wa Juni mwaka uo huo Eliza akatoweka. Mtoto alikutwa hai, naye akalelewa na bibi yake. Lakini maiti ya mama haikupatikana. Mwezi wa Machi 2013 mahakama ilimhukumu Bruno kifungo cha miaka 22 na miezi 3, kwa makosa ya kuua, kuteka na kuficha maiti.

Bruno alikata rufani, na rufani ikakawia. Mwezi wa Februari 2017 hakimu mmoja wa mahakama kuu ya nchi akaamuru atolewe, angojee nje. Alikuwa amekaa gerezani miaka 6 na nusu hivi. Haukupita mwezi, Boa Esporte, chama cha mji wa Varginha katika jimbo la Minas Gerais, kikamwandika kwa mapatano ya miaka 2. Chama hicho si miongoni mwa vile vikubwa, ila mwaka 2016 kilikuwa kimeshinda katika daraja la tatu na kupanda hata la pili.

Hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Wakubwa wa chama walisema kwamba sheria imemtoa mtu huyu, na mtu aliyetolewa apaswa kufanya kazi. Ukimnyima kazi wamsukuma arudi katika ubaya. Wapenzi wengine wa mpira walikubali, wakamwendea uwanjani kupiga picha pamoja naye. Wengine walipinga kwa nguvu, hasa wanawake, wakisema: «Leo mwampa glavu na makofi; mwawafundisha nini watoto wetu?» Makampuni kadhaa yaliyokuwa yakikisaidia chama kwa fedha yakajitenga nacho upesi. Na mama yake Eliza, aliyekuwa akimlea yule mjukuu, hakuficha uchungu wake.

Hatuna budi kuungama kwamba sisi nasi, tulipoisoma habari hii mara ya kwanza, moyo wetu ulielekea upande wa wenye kusamehe. Maneno ya wakubwa wale yanafanana sana na mafundisho yetu wenyewe. Lakini tulipoyapima tena, tuliona kwamba mambo matatu yamechanganywa katika chungu kimoja: msamaha, kazi na sifa.

Tuanze na msamaha. Mbuzi wa jirani akiibwa, ni rahisi kwetu kusema: «Tumemsamehe mwivi.» Lakini mbuzi hakuwa wetu, na jirani atatutazama kwa jicho gani? Watu wa Varginha hawakupotewa na binti. Aliyekosewa ni Eliza, kisha mama yake, kisha mtoto. Mungu aweza kusamehe dhambi zote za atubuye. Naye mama akisamehe, hiyo ni neema kubwa. Lakini wakubwa wa chama cha mpira hawakuwa na deni hilo mkononi mwao hata walifute.

Pili, kazi. Hapa twasimama pamoja nao. Mtu akitoka gerezani akaomba kazi ya useremala, au ya kupika mikate, au ya kulima, na apewe. Kumfungia milango yote ni kumhukumu mara ya pili, nayo hukumu hiyo ya pili haina mwisho. Wakristo wanaomnyima mtu wa namna hiyo hata jembe, kisha wakashangaa akiiba tena, na wajiulize wenyewe.

Tatu, sifa. Kulinda lango mbele ya umati si kazi tu kama ya kupiga randa. Watu huliimba jina lako, watoto huvaa fulana yenye namba yako na kuiga mwendo wako. Mshahara mtu aweza kuudai kwa jasho lake; sifa hawezi kuidai, hupewa tu. Mwenye kuitoa ni yule mpenzi wa mpira aliyelipa kiingilio chake, naye ana haki ya kuuliza anampa nani.

Asidhani mtu kwamba twasema aliyefungwa asirudi uwanjani kamwe. Tutazame kisa kingine, cha Uingereza. Mwezi wa Juni 2008 Luke McCormick, mlinda lango wa Plymouth Argyle, aliendesha motokari akiwa amelewa, akaigonga gari ya jamaa moja katika barabara kuu. Ndugu wawili, mmoja wa miaka 10 na mmoja wa miaka 8, wakafa. Mbele ya mahakama alikiri kosa lake, akahukumiwa kifungo cha miaka 7 na miezi 4. Alifunguliwa mwaka 2012, na mwaka 2013 chama chake cha zamani kikamwandika tena. Huko nako watu walibishana sana, kwani maji yakimwagika hayazoleki, na wazazi wale hawatarudishiwa watoto wao. Hatusemi kwamba waliomkataa walikosa. Twasema tu kwamba waliomkubali walikuwa na mahali pa kukanyaga: kosa lilikiriwa wazi, na gereza halikumwachilia kwa sababu rufani imekawia.

Kwa Bruno haikuwa hivyo. Mwaka 2013 alikiri kwamba alijua Eliza ameuawa, lakini alikana kwamba ndiye aliyeamuru. Wala mama hakuonyeshwa mahali alipolala binti yake. Hana kaburi la kuwashia mshumaa siku ya marehemu wote. Na ile miaka 22 ilikuwa bado kufika hata theluthi yake. Mwezi wa Aprili 2017 mahakimu wa mahakama ile ile kuu walimrudisha gerezani, akiwa amecheza mara chache tu. Tangu Julai 2019 aliruhusiwa kutoka kufanya kazi. Mwaka 2020 chama kimoja cha Mato Grosso kiliacha shauri la kumwandika kwa sababu ya upinzani wa watu. Kingine cha jimbo la Acre kilimchukua, na mwalimu wa timu ya wanawake akaiacha kazi yake.

Mwanafunzi wetu atatukumbusha habari ya Zakayo. Bwana aliingia nyumbani mwake, na watu wakanung'unika. Je, wanung'unikaji hao si ndio wapenzi wa mpira wa leo? Nusu yake ni kweli, lakini tuisome habari mpaka mwisho. Zakayo alisimama, akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, bila mtu kumdai. Huruma ilitangulia, ndiyo. Kisha alama ya kwamba imepokewa ikaonekana: aliwakumbuka waliodhulumiwa.

Kuna neno moja zaidi, nalo ni chungu. Kama Bruno angalikuwa mlinda lango dhaifu, je, wakubwa wale wangalimwonea huruma iyo hiyo? Wafungwa wangapi hutoka gerezani bila mikono ya kudaka mpira, na hakuna chama kinachowangojea mlangoni? Huruma inayochagua mikono hodari ni biashara iliyovaa kanzu ya huruma. Na wale wanaopinga nao wajichunguze, kwani wako wanaomkataa mfungwa wa chama kingine huku wakimpigia makofi wa kwao.

Basi, vijana, hili ndilo jibu letu. Chama chenu kikitaka kumwandika mtu aliyehukumiwa, msipige makelele kwanza, wala msishangilie kwanza. Ulizeni mambo matatu: adhabu imetimizwa? kosa limekiriwa? waliodhulumiwa wamekumbukwa? Yakiwapo yote matatu, mpokeeni, wala msimtajie tena mambo yake ya zamani kila anapofungwa bao. Yasipokuwapo, mtu huyo mpeni kazi na chakula, mwombeeni, lakini jina lake msiliimbe.

Na mwenye kutaka kuwahurumia wafungwa kweli asingojee siku ya mchezo. Jumapili baada ya Misa, kaulizeni kwa padri siku za kuwatembelea walio gerezani. Huko mtawakuta watu wasiojua kabisa kucheza mpira, wasioletewa hata sabuni. Na mkisha kuwaombea hao, mwombeeni na Eliza Samudio apumzike kwa amani popote alipolala, na mama yake apate faraja.