Vijana Waliovushwa Rusizi I Wapewe Makazi, na Wazazi Waache Kuwaficha

Wazazi, walezi na viongozi wa mpakani, nina neno nanyi kuhusu watoto waliovuka daraja la Rusizi I wakiwa mgongoni mwa mama au wameshikwa mkono na shangazi. Aliyewavusha alikuwa na jeto, yaani kibali cha kuvukia mpaka, la siku moja, au karatasi ya kusafiria ya CEPGL, jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, yenye muda wake. Mtu mzima akarudi Bukavu upande wa Kongo, mtoto akabaki Kamembe upande wa Rwanda. Siku zikaisha, miaka ikafuata, akaingia shule, Kinyarwanda kikawa ndiyo lugha anayoota nayo. Leo ni kijana wa miaka 20, na hana kitambulisho cha upande wowote wa mto.

Sababu za kubaki tunazijua. Mwishoni mwa Oktoba 1996 Bukavu ilitekwa. Mwanzoni mwa Juni 2004 ikatekwa tena, na maelfu wakakimbilia Cyangugu, huku Rwanda. Februari 2025 tumeyaona hayo kwa mara nyingine. Kati ya vita na vita kuna msiba, kuna talaka, kuna bibi anayesema, "Nileteeni mjukuu asomee huku." Mto ni mwembamba na ukoo uko kando zote mbili. Machoni pa mzazi, kumvusha mtoto si kumpeleka nchi ya kigeni, ni kumpeleka kwa mjomba wake. Ndiyo maana wengi hawakukumbuka kupita ofisi ya uhamiaji.

Balaa huja mtoto akitimiza miaka 16, umri ambao Rwanda imekuwa ikimpa raia wake kitambulisho. Wenzake wanakwenda kupigwa picha, yeye anasingizia homa. Tangu siku hiyo kila mlango unauliza namba ya kitambulisho: laini ya simu, akaunti ya benki, bima ya afya ya mituweli, mkataba wa kazi, ndoa ya serikali. Kijana mwenye akili timamu na mikono yenye nguvu anaishia kubeba mizigo ya watu kwa malipo ya siku, akimkwepa kila mwenye sare.

Hapo ndipo wakubwa humwongezea mzigo. Wanamtafutia cheti cha kuzaliwa cha uongo, wanamwandikisha kama mtoto wa mjomba. Jamani, msifanye hivyo! Kupitisha siku lilikuwa kosa la mtu mzima aliyemleta. Karatasi ya kughushi itakuwa jinai ya kijana mwenyewe, naye kwa umri huo atasimama mbele ya hakimu peke yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sheria yenyewe haikufunga kila mlango. Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 ilitamka kwamba wenye asili ya Rwanda na vizazi vyao wakiomba uraia wana haki ya kuupata. Katika mitaa ya Bukavu ni wengi ambao babu au nyanya alitoka huku. Kwa hao kazi ni kutafuta ushahidi wa ukoo wangali hai wazee wanaoujua. Mwaka 2006 Rwanda ilijiunga na mikataba ya kimataifa ya mwaka 1954 na 1961 kuhusu watu wasio na uraia, na sheria ya uraia ya mwaka 2021 inawatambua watu hao. Lakini kijana ajue pia kwamba Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 10, hairuhusu raia wake kushika uraia mwingine pamoja na wa kwao. Asitie sahihi bila kushauriwa. Kwa wengi kibali cha makazi kinatosha kwa kuanzia.

Anayebanwa zaidi ni yule ambaye wazazi wote wawili ni Wakongo na alizaliwa ng'ambo. Njia yake ni ukaazi, lakini ukaazi unaohesabiwa ni ule wa kisheria, na miaka yake yote aliishi bila karatasi. Ndiyo kusema utoto mzima unaandikwa sifuri. Hilo naliona ni dhuluma, nami naomba wanaotunga sheria walirekebishe: aliyeletwa akiwa mtoto ahesabiwe miaka aliyosoma na kuishi hapa, shule na kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji, wakiwa mashahidi.

Watasema, tukifungua mlango huo watu watamiminika. Hoja hii ina uzito, lakini wengine wameshaijibu. Marekani mwaka 2012 iliweka mpaka: awe aliingia kabla ya kutimiza miaka 16, na awe ameishi mfululizo tangu tarehe 15 Juni 2007. Aliyetimiza masharti alipewa miaka 2 ya kukaa na kufanya kazi, inayoweza kuongezwa. Kibali hicho si uraia, lakini kilimwondoa kijana mafichoni. Uingereza nayo humsikiliza kijana wa miaka 18 hadi 24 aliyeishi kule nusu ya umri wake. Tarehe ikishawekwa, anayekuja kesho hana cha kunufaika.

Nasi Wanyarwanda tuna deni katika jambo hili. Mwaka 1980 Tanzania ya Mwalimu Nyerere iliwafungulia uraia wakimbizi wetu wapatao 36,000. Desemba 2020 Kenya ilitangaza kuwapa uraia watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Tumeonja na upande wa pili: mwaka 2013 maelfu walifukuzwa Tanzania, miongoni mwao watu waliolelewa kule tangu utotoni, ambao Rwanda waliijua kwa kusimuliwa tu. Tuliwapokea wakija mikono mitupu. Taifa lililoyapitia hayo lisimfanyie hivyo kijana wa Kamembe.

Nanyi vijana wenyewe, msingoje mkamatwe. Kusanyeni sasa cheti cha ubatizo, kadi ya chanjo, ripoti za shule, barua ya kiongozi wa mudugudu, na majina ya waliowapokea. Kama mzazi yuko Bukavu, mwambieni atafute cheti cha kuzaliwa huko.

Na wewe, mjomba au shangazi uliyemlea, usimtume peke yake. Wewe ndiye unayejua alivuka lini, na nani, na kwa karatasi gani. Kama ana miaka 14 au 15, una nafasi kabla ya wenzake kuitwa kupigwa picha. Mshike mkono, mwende ofisi ya sekta, kisha uhamiaji, ukaseme ukweli wote mbele yake.