Wito kwa Majirani wa Shule, kutoka Kasese hadi Bwera

Ndugu zangu wa Kasese, Kilembe, Kisinga, Bwera na Mpondwe, nanyi wenzetu mlioko Kampala na ng'ambo ambao mkiulizwa kwenu ni wapi mnaitaja Rwenzori: naomba tuzungumze juu ya shule zetu za kanisa, hasa zile changa ambazo bado hazijapata jina.

Mfano ni Walutheri, ambao ni wachache Uganda. Hapa kwetu Waanglikana wana Dayosisi ya Rwenzori Kusini, Wakatoliki wana Jimbo la Kasese, Wasabato na Waislamu nao wana nyumba zao za ibada na shule zao. Sekondari ya Kilutheri ikisimama katikati ya majirani hao, haiwezi kujaza madawati kwa watoto wa usharika wake peke yake. Itapokea kila dhehebu, itapokea na watoto wenye ndugu ng'ambo ya mpaka wa Kongo, Kasindi na Beni. Nami nauona wingi huo kuwa baraka kubwa. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule na kuzitunza. Aliwaandikia watu wa kodi, barabara na madaraja, kwa kuwa aliamini kumsomesha mtoto ni kazi ya mji mzima. Ndiyo maana sioni haya kuwaomba hata ninyi msiosali pamoja na Walutheri.

Isitoshe, sisi wa Uganda na Walutheri tuna undugu wa zamani. Injili iliwafikia Wahaya wa Bukoba kupitia Wakristo wa Uganda kabla wamisionari wa Kilutheri hawajafika huko. Katika ardhi hiyo hiyo ya Bukoba ndiko alikotoka Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984. Na wakimbizi wa Kongo walioipita njia yetu wakaishia kambi ya Rwamwanja wamehudumiwa na shirikisho hilo hilo. Mbegu iliyotoka kwetu imeturudia ikiwa na matunda.

Sasa nieleze ninachokiomba. Shule ya imani hujulikana kwa kinachotokea baada ya ibada ya asubuhi. Kwaya ikishaimba na mchungaji akishabariki, kuna mgonjwa Hospitali ya Bwera ambaye hana wa kumchotea maji. Kuna bibi ambaye paa lake linavuja. Kuna miteremko isiyo na mti hata mmoja juu ya mito yetu. Mei 2013 na tena Mei 2020 Mto Nyamwamba ulivunja kingo zake, na mara hiyo ya pili maji yakaingia hata hospitali ya Kilembe. Wengi waliopoteza nyumba walijisitiri shuleni. Shule ilitufungulia milango tulipokosa pa kulala. Na sisi tuifungulie mikono. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unawataka wanafunzi wafanye miradi. Mwenye kitalu cha miche, mwenye ujuzi wa kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko, mkulima wa kahawa anayejua kivuli gani kinafaa mlimani: wapokee vijana hawa kwa saa moja. Watapata alama za mradi, na mlima utapata miti.

Chakula ni jambo zito zaidi. Sheria ya Elimu ya 2008 imewaachia wazazi jukumu la kuwalisha watoto shuleni, na sote tunajua maana yake pale msimu unapokuwa mbaya: mtoto anakaa darasani mchana kutwa bila kitu tumboni, na jioni tunashangaa kwa nini hesabu zimemshinda. Mwenye fedha asaidie kwa fedha. Asiye nazo ana debe la mahindi au maharage wakati wa mavuno. Naziomba kamati za shule zikubali mazao badala ya sehemu ya karo, ziyapime mbele ya mzazi na kumwandikia risiti, kwa sababu hakuna kinachoua moyo wa kutoa kama mchango usiojulikana ulikoishia.

Wafanyabiashara wa Mpondwe, ninyi nawaomba lugha yenu. Julai 2022 baraza la mawaziri lilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima, lakini walimu wake bado ni haba. Ninyi mnakitumia kila siku ya gulio, mkipatana bei na watu wa Butembo. Nendeni darasani, hata mara moja kwa muhula, mkazungumze na vijana.

Na sitaweza kunyamaza kuhusu Lhubiriha. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia katika shule hiyo ya sekondari iliyo jirani na mpaka, wakachoma bweni la wavulana na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Walioishi enzi za Kichwamba, ambako wanafunzi 80 waliuawa Juni 1998, walililia watoto wengine kwa machozi yale yale. Ulinzi wa mpaka ni kazi ya jeshi. Lakini kujua namba ya simu ya mlinzi wa shule, kumwarifu mwenyekiti wa kijiji (LC1) mapema unapoona wageni wasioeleweka, kuchangia taa ya uani na mlango wa pili wa bweni unaofunguka kwa nje: hizo ni kazi zetu. Na familia zilizozika bado zinahitaji kutembelewa. Wadogo wa wale waliouawa wanahitaji karo, wanahitaji na mtu mzima wa kuwasindikiza siku ya kwanza wanaporudi bweni.

Muhula ukifunguliwa kutakuwa na mkutano wa wazazi katika shule iliyo jirani nawe. Njoo, hata kama huna mtoto pale na hata kama kanisa la shule hiyo si lako. Uliza bodi inakosa nini, uliza fedha zilizopita zilitumikaje, kisha useme wazi utakachotoa na lini. Mwenye gunia alipeleke jikoni kwanza ndipo aingie mkutanoni.