KWA FUNDI AU CHUONI?

Wazazi wengi wa Kibaha na Kisarawe wana swali moja: kijana amemaliza shule, ataka kuwa mwashi, je, tumpeleke kwa fundi, au tuuze korosho tulipe ada ya chuo?

Sisi twajibu bila kuficha. Aliye na fundi mwaminifu na aanze kwake. Uashi haujifunzwi kwa kutazama ubao. Kijana ashike mwiko, asimamishe timazi, akosee, akemewe. Akiisha kupata pembe ya mraba kwa kamba ya 3, 4 na 5, mkono wake hausahau tena.

Lakini asiishie hapo! Wako vijana waliokuwa saidia fundi miaka mingi, wamejenga nyumba za watu, na hata leo hawawezi kusoma ramani. Zege wajua kulikoroga, ila hawajui kwa nini limwagiwe maji siku saba. Hawakuambiwa kwamba saruji hukomaa kwa maji, si kwa kukauka. Mwaka 2013 ghorofa lilianguka Dar es Salaam likaua watu zaidi ya 30. Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo. Hatusemi kosa lilikuwa la waashi. Twasema tu kwamba katika kazi hii kutojua huua.

Tena liko jambo la haki. Reli mpya imepita Soga, na viwanda vyajengwa Kibaha. Mwenye kazi kubwa huuliza cheti. Asiye nacho, hata awe hodari namna gani, hubeba ndoo katika mkoa wake mwenyewe. Hilo hatulikubali.

Na dawa ipo. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kumpima aliyejifunzia kazini na kumpa cheti, pasipo kumrudisha darasani miaka. Kibaha kuna chuo chake; Kisarawe kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi.

Basi, mafundi, msiwatumikishe vijana bila kuwafundisha. Wazazi, chuo si jaa la walioshindwa mitihani. Nanyi vijana, anzeni na mwiko, mmalize na cheti. Nchi hii tutaijenga wenyewe, ama itajengwa na wengine, nasi tukiwachotea maji.