Ndege ya Kivita Haiendeshwi na Miguu
Wasee wa Kericho na Bomet, siku ya makurutu wa KDF ikifika sisi tunajua kitu moja tu: kukimbia. Sawa, pumzi tunayo, tumezaliwa kwa milima ya majani chai.

Lakini cheki Jenerali Francis Ogolla. Aliingia jeshini 1984, akafunzwa urubani wa kivita na jeshi la anga la Marekani, akawa pia mwalimu wa marubani. Watu wanakumbuka tu helikopta ya Aprili 2024 na kuzikwa bila jeneza. Mimi huyo mwalimu ndiye ananibamba.

Makadeti wanafunzwa Lanet, hapo tu Nakuru, na njia inaanza na KCSE safi. Sasa mbona tunamnunulia kijana viatu vya mbio na hakuna anayemuuliza hesabu ilienda aje?