KODI YA MAFUTA NI YA NANI?



Nyumbani kwetu Suna ubishi wa kodi ya mafuta hauishi. Wa Kenya Kwanza husema ni kodi ya Uhuru na Raila. Wa upande wa pili husema ni ya Ruto, kwani alikuwa Naibu wa Rais. Mimi nasema tutazame mambo yalivyokwenda.

Sheria ya VAT ya 2013 ilitia mafuta katika kodi, lakini kuanza kwake kukaahirishwa, na mwaka 2016 kukaahirishwa tena kwa miaka miwili. Agosti 2018 Wabunge walipitisha kungoja hadi 2020. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kutia saini, akarudisha Mswada akitaka asilimia 8 badala ya 16. Raila Odinga, waliyepeana mikono Machi mwaka huo, alimuunga mkono.

Septemba 20, 2018, Bunge lilikaa. Kumshinda Rais kulihitaji kura 233 kati ya 349. Ukumbi ulijaa kelele, kura ikapigwa kwa sauti, na neno la Rais likapita. Kesho yake alitia saini. Sheria hiyo hiyo ilitia shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa, ati yasichanganywe na dizeli. Mchanganyaji ni mwenye biashara; anayelipa ni mama mwenye koroboi.

Wakati huo kiongozi wa walio wengi Bungeni alikuwa Aden Duale. Kiongozi wa walio wachache alikuwa John Mbadi wa Suba Kusini, na kiranja wake Junet Mohamed wa Suna Mashariki. Kwa hiyo asilimia 8 ni ya pande zote mbili. Asilimia 16 iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2023, hiyo ni ya Kenya Kwanza. Na mwaka 2024 Mbadi mwenyewe akawa Waziri wa Fedha wa Rais Ruto. Sasa nani atamnyoshea mwenzake kidole?

Reli haifiki Suna. Unga, sabuni na saruji vyaja kwa lori, na kodi ya dizeli imo ndani ya kila bei. Lori haliulizi mnunuzi ni wa chama gani.

Sisi wa reli hatupitishi treni kwa kupiga kelele. Kila zamu ina daftari, na daftari lina jina la mtu. Ajali ikitokea, yajulikana nani alikuwa kazini. Kura ya sauti haina daftari, ndiyo maana kila mmoja aweza kuikana.

Juni 25, 2024, kura ya Mswada wa Fedha ilihesabiwa: 195 waliukubali, 106 waliukataa, na majina yakajulikana. Siku hiyo vijana waliuawa wakiupinga, na kesho yake Rais akauacha.

Basi chama chetu kidai jambo moja: kodi yoyote isipitishwe Bungeni ila kwa kura ya majina. Nanyi ndugu, Mbunge akija kwenu na hadithi za chama kingine, mwulizeni: Wewe ulipiga kura gani?